Aliyeiba akaunti yako hayumo ndani ya simu yako

Siku hizi kila balaa la simu linaitwa kudukuliwa. Mtu kamtajia tapeli zile tarakimu sita za WhatsApp, akaunti ikaenda: “Simu yangu imedukuliwa.” Laini yake imehamishiwa kwenye kadi ya mtu mwingine: imedukuliwa nayo. Anakimbilia kwa fundi, simu inaflashiwa, picha za harusi zinapotea, na tapeli bado yumo kwenye ile akaunti anaomba ndugu na jamaa hela.

Kuna programu hasidi za kudhibiti kifaa kwa mbali, ambazo watu wa fani huziita RAT. Ikishajificha ndani ya simu au kompyuta yako, mtu aliye kwingine anasoma meseji zako, anawasha kamera, anaona unachoandika, anafungua na kuweka mafaili. Maana yake ni hiyo tu.

Linaloniudhi ni kuchanganya vitu hivi viwili. Aliyekuibia akaunti anatumia simu yake mwenyewe, kwa jina lako. Simu yako ni nzima. Sajili namba upya kwenye WhatsApp, weka PIN ya hatua ya pili, toa vifaa vyote vilivyounganishwa. Lakini mwenye RAT yuko ndani. Ukibadilisha nywila kwenye simu hiyohiyo, anaisoma nywila mpya kadiri unavyoiandika. Dawa ya huyu haimtibu yule.

Tofauti hii imewahi kumgharimu mtu kazi. Mwaka 1999, kwenye kompyuta ya msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, zilikutwa maelfu ya picha za unyanyasaji wa watoto. Alipoteza nafasi yake, jina likatangazwa, akaihama nchi. Ilipofika 2004 ndipo mahakama ilipomwachia, baada ya kuona kwamba kompyuta yake ilikuwa ikiendeshwa na mtu mwingine kupitia programu iitwayo NetBus. Mwizi wa akaunti asingeweza kumfanyia hivyo.

Wala usidhani hii ni kazi ya magwiji. RAT iitwayo Blackshades, iliyovunjwa na FBI na polisi wa nchi nyingine mwaka 2014, iliuzwa hata kwa dola 40, na ilikuwa imeingia kwenye kompyuta zaidi ya 500,000. Na kazi yenyewe haina tofauti kubwa na ya AnyDesk au TeamViewer, ambazo mafundi huzitumia kila siku kwa halali. Kinachozitenga ni kama mwenye kifaa anajua na ameridhia. Ndiyo maana tapeli mwingine hahangaiki kuunda chochote: anakupigia akijifanya wa benki, anakuelekeza uweke AnyDesk, unampa namba ya kuunganisha.

Kwenye Android, RAT nyingi huja kama faili la APK, yaani faili la kuwekea programu kwenye simu, lililotumwa WhatsApp: mkopo wa haraka, kadi ya mwaliko, WhatsApp “iliyoboreshwa”. Ukishaiweka, itaomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wasioona na wenye ulemavu mwingine. Ikiipata, inasoma skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Programu ya mkopo haina haja na ruhusa hiyo. Ikatae.

Ikishaingia, zima data na Wi-Fi kwanza, kwa sababu programu yenyewe ndiyo inayomtafuta bwana wake kupitia intaneti. Kisha chukua kifaa kingine kisafi, ubadilishe nywila huko na uwaarifu benki. Hapo sasa kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani kuna maana, mradi usiirudishe ile APK pamoja na picha.

Kuna pia wanaokata kila namba ngeni wakiamini kupokea tu kunampa mtu simu yako. Tundu la namna hiyo liliwahi kuwepo WhatsApp, na mwaka 2019 programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO ya Israeli ililitumia dhidi ya watu wapatao 1,400, wakiwemo wanahabari na watetezi wa haki. Lilizibwa Mei mwaka huohuo. Ila, ndugu zangu, shambulio lile lilifanya kazi hata simu isipopokelewa. Kukata kusingekusaidia. Sasisha WhatsApp.