Haki za binadamu ndani ya makubaliano ya amani ya Ireland ya Kaskazini

Wapo wanaoamini kwamba, kwa kuwa Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu hauihusu tena, na kwamba kuuacha hakungegusa amani ya Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Kosa la kwanza ni jepesi kulisahihisha: mkataba huo wa mwaka 1950 ni wa Baraza la Ulaya, chombo tofauti kabisa na Umoja wa Ulaya, na Uingereza ingali mwanachama wake.

Kosa la pili ni zito zaidi. Makubaliano ya Ijumaa Kuu, yaliyofikiwa Belfast tarehe 10 Aprili 1998 baada ya takriban miaka 30 ya machafuko yaliyoua watu wapatao 3,500, yaliitaka serikali ya Uingereza iuingize mkataba huo katika sheria za Ireland ya Kaskazini, ili mwananchi aweze kwenda mahakamani moja kwa moja, na mahakama ziweze kubatilisha sheria ya bunge la huko inayokiuka haki hizo. Wakatoliki walikuwa wametawaliwa kwa miongo mingi na bunge la Waprotestanti, waliokuwa wengi, bila kinga ya kutegemewa. Waprotestanti nao walihofia kuwa wachache iwapo kisiwa chote cha Ireland kingeungana kuwa nchi moja. Kinga ileile iliwafaa wote. Kwa hiyo naona ni kosa kubwa kuiona kinga hiyo kama nyongeza tu inayoweza kuondolewa, kwani ilikuwamo katika maandishi yaleyale ambayo asilimia 71 ya wapiga kura wa Ireland ya Kaskazini waliyaridhia tarehe 22 Mei 1998.