Kupandisha kodi au kubana matumizi? Dhana zinazopotosha, kwa hesabu za korosho

Kila Juni, waziri wa fedha akishasoma bajeti Dodoma, mabishano ya vijiweni huku kusini mwa Tanzania, Masasi, Newala na Lindi mjini, huwa ni yaleyale. Mmoja anataka wakubwa wabane matumizi, mwingine anasema matajiri watozwe zaidi, wa tatu anauliza gesi yetu imekwenda wapi. Kila mmoja ana chembe ya haki. Ila nyingi ya hoja hizo zimejengwa juu ya dhana ambazo hazisimami ukishazipigia hesabu. Tunazichukua zile zinazosikika zaidi, na mifano mingi itatoka kwenye korosho, kwa kuwa huku kwetu ndiyo inayoingiza fedha na ndiyo inayokatwa ushuru.

Dhana: Bajeti ikiwa trilioni 56.49, serikali inazo trilioni 56.49

Hapana. Hiyo ni bajeti ya 2025/26, na ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35. Kwenye vitabu vya bajeti yetu upande wa mapato na upande wa matumizi hulingana hadi shilingi ya mwisho, kwa sababu mikopo imeandikwa upande wa mapato. Nakisi imo humohumo, imefichwa na mpangilio. Kuiona inabidi utoe mikopo, ubaki na mapato ya ndani pamoja na misaada, kisha uyapime dhidi ya matumizi bila kuhesabu urejeshaji wa mtaji wa mikopo ya zamani. Pengo linalobaki ndiyo nakisi. Nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kwenye itifaki ya umoja wa fedha ya 2013 kwamba pengo hilo lisizidi asilimia 3 ya pato la taifa.

Halmashauri ni jambo jingine. Yenyewe haiwezi kukopa bila ridhaa ya waziri, kwa hiyo mapato yakipungua hakuna nakisi inayosomeka kwenye kitabu. Pengo linajitokeza kwa sura nyingine: mzabuni wa chakula cha shule hajalipwa, fundi wa zahanati ameacha ukuta kwenye lenta, mwalimu anadai fedha ya uhamisho tangu mwaka juzi. Hayo madeni ndiyo nakisi ya halmashauri.

Kuna kosa jingine la kuchanganya nakisi na ukavu wa msimu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, minada ya korosho inaanza Oktoba. Halmashauri ya Tandahimba au Newala kuonekana hohehahe mwezi Agosti ni kawaida, na si dalili ya kuporomoka. Lindi wana nafuu kidogo, maana minada ya ufuta huanza mapema kuliko ya korosho, na mbaazi hufuata. Anayekata miradi Septemba kwa sababu robo ya kwanza imeleta kidogo anatibu ugonjwa usiokuwepo. Dawa ya ukavu wa msimu ni mpango wa mtiririko wa fedha wa mwezi kwa mwezi, ambamo malipo makubwa yanasukumwa hadi Novemba na Desemba, na akiba ya msimu uliopita inabebeshwa Julai hadi Septemba.

Dhana: Wakikata posho na safari, pengo linazibika

Posho zikatwe, hatuna ugomvi na hilo. Lakini tupige hesabu. Tuchukue halmashauri ya mfano inayotarajia tani 20,000 za korosho kwa bei ya shilingi 2,500 kwa kilo. Mauzo ni bilioni 50, na ushuru wa mazao wa asilimia 3 ni bilioni 1.5. Msimu ukifika bei ikawa 1,800, mauzo yanakuwa bilioni 36 na ushuru bilioni 1.08. Zimepotea milioni 420 bila mtu yeyote kuiba.

Sasa tuseme vikao, posho na safari zinazolipwa kwa mapato ya ndani ni milioni 240 kwa mwaka. Ukizikata nusu, jambo ambalo madiwani hawatalipenda, umepata milioni 120. Bado milioni 300. Utazitoa wapi? Mishahara ya watumishi wengi inalipwa na Hazina, kwa hiyo hata ukipunguza watu, fedha haibaki kwako. Asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu imefungwa na sheria: nne, nne na mbili. Kinachobaki ni mafuta ya magari, dawa, matengenezo na miradi. Ndiyo maana kila mahali panapobanwa matumizi, wa kwanza kuumia ni ukarabati. Paa linalovuja halina chama cha wafanyakazi.

Kitaifa ni vivyo hivyo, kwa kipimo kikubwa. Mishahara na malipo ya deni huchukua sehemu kubwa ya matumizi ya kawaida, na deni halibaniki: limeshakopwa, tarehe ya kulipa imeandikwa.

Dhana: Pandisha kiwango, mapato yatapanda kwa kiasi hichohicho

Hii ndiyo dhana ghali kuliko zote.

Kwanza, viwango vingi haviko mikononi mwa halmashauri. Ushuru wa mazao ulikuwa unaweza kufika asilimia 5, ukateremshwa mwaka 2017 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni, nao kiwango chake kimewekwa na sheria. Baraza la madiwani haliwezi kuamka asubuhi likaandika 4. Linachoweza kugusa ni ushuru wa masoko, stendi, minada ya mifugo, maegesho na vibali vidogo. Tuzibe zile milioni 300 kwa kuongeza shilingi 500 kwa siku kwenye kila meza ya soko. Kwa siku 300 za biashara, meza moja inaleta 150,000. Unahitaji meza 2,000 zinazolipa kila siku bila kukosa. Soko la wilaya lenye meza 2,000 halijengwi kwa azimio la kikao.

Pili, kuna ratiba. Sheria ndogo mpya hupita kwenye kamati, wananchi hutangaziwa na kupewa nafasi ya kuweka pingamizi, baraza linapitisha, waziri anaridhia, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Ukianza Oktoba baada ya bei kuanguka, fedha yake usiitegemee mwaka huohuo. Anayeanza kutoza kabla ya tangazo la Gazeti anawapa wafanyabiashara kesi nyepesi.

Tatu, watu hubadilisha mwendo. Julai 2021 zilipoanza tozo za miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, kelele zilikuwa kubwa na miamala ikapungua. Septemba mwaka huohuo zilipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye zikapunguzwa tena. Huku kusini kipimo chetu ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa magendo nje ya minada. Mkulima akiona makato ya Amcos (chama cha msingi cha ushirika), chama kikuu, ghala, usafiri na ushuru yamerundikana, na malipo ya mnada yanachelewa, anamuuzia wa kangomba usiku kwa bei ya chini lakini fedha taslimu. Kilo hiyo haifiki ghalani, na ushuru wake ni sifuri. Kiwango kikubwa cha kodi juu ya mzigo unaopungua si mapato.

Kwa hiyo kabla ya kugusa viwango, tazama uvujaji. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hurudia jambo moja miaka nenda rudi: fedha imekusanywa kwa mashine ya POS, ile ya mkononi ya kutolea risiti, lakini haijafika benki. Kuifuatilia hakuhitaji sheria mpya. Chukua taarifa ya kila mkusanyaji kutoka kwenye mfumo, iweke kando ya hati ya benki ya siku hiyo au inayofuata, na usimruhusu mwenye tofauti kuendelea kukusanya. Angalia pia mashine zilizozimwa siku ya gulio. Mashine inayoharibika kila Jumamosi na kupona Jumatatu ina tabia, haina ugonjwa.

Dhana: Kodi anayolipa mnunuzi haimgusi mkulima

Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje hulipwa na msafirishaji. Sheria ya Tasnia ya Korosho iliuweka kuwa asilimia 15 ya thamani ya korosho ikiwa melini, au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Mkulima wa Nanyamba hajawahi kuandika hundi ya ushuru huo. Lakini mnunuzi akiingia mnadani ameshajua bei atakayouza Vietnam au India. Ikiwa ni dola 1,400 kwa tani melini, anatoa 210 za ushuru, anatoa usafiri, magunia, bandari na faida yake, kinachobaki ndicho anachoandika kwenye zabuni. Ushuru ameulipa yeye, bei iliyopungua umeipokea wewe.

Si ushuru wote unaomwangukia mkulima, tuseme haki. Korosho yetu inaingia sokoni Oktoba hadi Januari, wakati Ivory Coast na wenzake wa Afrika Magharibi hawana mzigo mpya, hivyo wabanguaji wa nje hubeba sehemu ya mzigo ili viwanda vyao visilale. Lakini kadiri bei ya dunia inavyoshuka ndivyo kile kipengele cha dola 160 kinavyouma. Bei ikiwa dola 1,000, asilimia 15 ni 150, kwa hiyo unalipa 160, sawa na asilimia 16. Ikiwa 800, ni asilimia 20. Kodi inakuwa nzito mwaka ambao mkulima hana kitu.

Ajabu nyingine: ushuru huu uliwekwa pia ili korosho ibanguliwe nyumbani. Siku lengo hilo likitimia na korosho ghafi ikaacha kwenda nje, mapato yake yanakwisha. Usijengee mishahara juu ya kodi ambayo mafanikio yake ni kutoweka.

(Mpangaji anayenunua LUKU naye yumo humu. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni ya mwenye nyumba. Mwambie ailipe au aipunguze kwenye pango.)

Dhana: Kukata matumizi hakuna gharama, ni kuacha tu kutumia

Inategemea umekata nini na mwezi gani. Salfa hupulizwa mikorosho inapochanua, kuanzia Juni na kuendelea, kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Mti mmoja unachukua takriban robo kilo kwa mzunguko, mfuko wa kilo 25 unatosha kama miti 100, na mizunguko ni mitatu au zaidi. Ukikosa salfa wiki maua yanapofunguka, ukiileta Septemba umechelewa. Ubwiri unaweza kuchukua zaidi ya nusu ya mavuno. Sasa ona tarehe: hitaji la salfa linaangukia palepale mwaka wa fedha unapogeuka, fungu likiwa tupu na wahasibu wakitafuta cha kukata.

Hadi 2018, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ilirudi kwenye tasnia kwa pembejeo, utafiti na kazi nyingine, na 35 iliingia Mfuko Mkuu. Juni 2018 Sheria ya Fedha ilielekeza yote Mfuko Mkuu, na wabunge wa kusini wakapinga bungeni bila kufanikiwa. Kwa mezani Dodoma lilikuwa ongezeko la mapato. Kwa shambani lilikuwa kukatwa kwa matumizi ya pembejeo. Msimu wa 2017/18 ulitoa tani zaidi ya 313,000. Uliofuata ulitoa kama 225,000. Hatudai ni sababu moja, maana mwaka huo ulikuwa na mgogoro wa bei, minada ikasimama na serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300. Lakini miaka ya karibuni serikali imerudi kugawa salfa na viuatilifu kwa ruzuku, na msimu wa 2024/25 ukavuka tani laki 5. Asilimia 3 ya tani laki 5 huizidi asilimia 3 ya tani laki 2 hata bei ikiyumba.

Kwa hiyo kabla ya kukata fungu, uliza: likikatwa, mwakani litapunguza mapato kwa kiasi gani? Semina ya siku tatu haipunguzi kitu. Salfa, daraja la barabara ya ghalani na mafuta ya gari la ufuatiliaji wa mapato hupunguza. Na kutomlipa mzabuni si kubana matumizi, ni kukopa kwa siri. Mwakani ataweka hasara yake kwenye bei ya zabuni.

Dhana: Wenzetu wa nje walishapata jibu

Hawajapata. Jimbo la Kansas, Marekani, lilikata kodi ya mapato mwaka 2012 likiamini uchumi utaziba pengo. Mapato yakaanguka, na 2017 bunge la jimbo likazirudisha kodi hata baada ya gavana kutumia kura ya turufu. Upande wa pili, mchumi Alberto Alesina na wenzake walipima nchi tajiri 16 wakakuta kupandisha kodi kuliumiza ukuaji kuliko kukata matumizi. Halafu 2013 Olivier Blanchard na Daniel Leigh wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wakaonyesha kwamba madhara ya kubana bajeti barani Ulaya yalikuwa yamekadiriwa chini mno. Zote hizo ni nchi ambazo wafanyakazi wengi wana hati ya mshahara. Kwetu kodi ni takriban asilimia 13 ya pato la taifa na uchumi mkubwa uko nje ya vitabu. Swali letu la kwanza ni nani hajalipa kabisa.

Dhana: Gesi ingeshamaliza yote haya

Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika 2015. Sehemu kubwa ya mapato ya gesi huenda serikali kuu, chini ya sheria ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi ya mwaka huohuo. Kinachoangukia halmashauri ni hasa ushuru wa huduma, Kilwa kwa Songo Songo na Mtwara kwa Mnazi Bay. Mradi wa kusindika gesi Likong'o, Lindi, bado haujajengwa, na fedha ya mradi usiojengwa haiwezi kuingizwa kwenye makisio ya Julai. Ukiikuta humo, kwenye mkutano wa kata omba waoneshe safu tatu: makisio, halisi, na halisi ya misimu mitatu iliyopita.