Ridhaa ya serikali ya mtaa kabla ya kupokea wakimbizi

Zikitoka habari kwamba wakimbizi watapewa makao sehemu fulani, swali la kwanza barazani huwa ni hili: tumeulizwa? Ni swali la haki, nalo ndilo linalobeba dhana ya ridhaa ya serikali ya mtaa. Maana yake ni kwamba serikali iliyo karibu na wananchi, iwe kaunti, jimbo au jiji, inakubali rasmi kabla ya wakimbizi kuletwa kukaa katika eneo lake.

Tusichanganye ridhaa na mambo mawili yanayofanana nayo. Ukiarifiwa, shauri limeshakatwa na wewe unapewa habari tu. Ukishauriwa, ni lazima usikilizwe, lakini mwenye kukata shauri ni mwingine. Ukiombwa ridhaa, ukikataa jambo linasimama. Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu wananchi wanadhani wako kwenye hilo la tatu, na kumbe wako kwenye la kwanza.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Marekani. Sheria yao ya wakimbizi ya 1980 inaitaka serikali kuu ishauriane na majimbo na serikali za mitaa kuhusu wakimbizi wanaotarajiwa. Septemba 2019 Rais Donald Trump alitoa amri iliyokwenda mbali zaidi: mkimbizi asipelekwe mahali mpaka jimbo na serikali ya mtaa wakubali kwa maandishi. Katika kaunti ya Burleigh, jimbo la North Dakota, makamishna walipiga kura, watatu kwa wawili, wakakubali kupokea watu wasiozidi 25. Magavana wengi, wa vyama vyote viwili, walikubali. Greg Abbott wa Texas akakataa Januari 2020. Siku chache baadaye jaji wa mahakama ya shirikisho kule Maryland aliisimamisha amri hiyo, kwa hoja kwamba sheria ilitaka mashauriano na haikumpa gavana kura ya kuzuia. Mahakama ya rufaa ilimuunga mkono Januari 2021, na mwezi uliofuata Rais Joe Biden akaifuta amri yenyewe.

Hata pale Texas, kukataa kusingemzuia mtu aliyeshapokelewa jimbo jingine kuhamia huko kwa nauli yake. Ambacho kingekosekana ni msaada wa kumpokea na kumsaidia kuanza maisha.

Kwetu Kenya, uhamiaji na mambo ya nje ni kazi za serikali ya kitaifa. Gavana wa Lamu au wa Kilifi hana uwezo wa kumkatalia mtu hifadhi. Lakini Katiba ya 2010 inazitaka serikali za ngazi mbili zifanye kazi kwa kushauriana na kushirikiana, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inataka kaunti zishauriwe waziri anapotenga maeneo ya kuwapokea wakimbizi. Kwa hiyo sisi tuko kwenye ngazi ya pili, ya kushauriwa. Nasema hivi waziwazi kwa sababu nimesikia wanasiasa wakiahidi vinginevyo.

Kushauriwa kuna uzito wake, kwa sababu mzigo wa kila siku huangukia kaunti. Chukua zahanati ya kijijini: muuguzi mmoja, friji ya chanjo, mizani ya watoto, na foleni ya kina mama tangu alfajiri. Mshahara wa muuguzi yule na dawa za kabatini ni vya kaunti. Maji na shule za chekechea pia. Nairobi ikiamua bila kuuliza, dawa zitaisha mapema, na mama aliyekosa dawa atamlaumu mgeni aliye mbele yake kwenye foleni, ilhali mgeni hakuamua lolote.

Pwani hii imeyaona hayo. Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, watu walifika kwa majahazi, wakiwemo Wabajuni na Wabarawa wenye jamaa zao huku. Kambi zilifunguliwa Mombasa na Marafa, juu ya Malindi. Kabla ya muongo ule kwisha kambi za Pwani zilikuwa zimefungwa. Wengine wakapelekwa kambi za Kakuma na Dadaab, kaskazini mwa nchi, wengine Marekani. Mabaraza ya miji yalikuwepo, lakini uamuzi ulikuwa wa Nairobi.

Lamu ina kidonda kingine. Mapema miaka ya 1970 serikali iliwapa watu wa bara mashamba Mpeketoni. Hao ni raia, hawakuwa wakimbizi, na wala kosa si lao. Hata hivyo wenyeji wanaolalamika hadi leo kwamba hawakushirikishwa wanasema jambo lilelile: ardhi iligawanywa na mtu asiyeishi hapa.

Kwa maoni yangu, ridhaa ihusu namna ya kupokea, isihusu kama mtu anayekimbia vita astahili kuishi. Wakati wa vita vya Shifta, vya waasi waliotaka kaskazini mashariki mwa Kenya ijiunge na Somalia, miaka ya 1960, Wabajuni wa bara ya Lamu walikimbia vijiji vyao na kukimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Ingekuwaje kama kila mji ungepiga kura kwanza? Turkana ni mfano bora: Kalobeyei, makazi yaliyoanzishwa baada ya ardhi kutolewa 2015, yalipangwa ili wageni na wenyeji watumie huduma pamoja.

Basi likija suala hili kwetu, sahihi ya gavana pekee isitutosheleze. Tuulize ardhi ni ya nani, maana huku wengi wanaishi bila hati. Tuulize maji yatatoka kisima gani, wauguzi wangapi wataongezwa na kwa fedha za nani, watoto watasoma wapi. Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya watu, na nakala ibaki kwa mwakilishi wa wadi na wazee wa kijiji kabla familia ya kwanza haijashuka garini.