Oktani siyo supu ya pweza

Wiki iliyopita kaja braza mmoja na IST, analalamika gari nzito, haichanganyi, mafuta inakunywa kama imetoka kufunga. Kwenye mlango wa dereva kuna chupa ya dawa ya kuongeza oktani, nusu kashaimwaga kwenye tenki, nusu kabakiza "ya wiki ijayo", utadhani dozi ya malaria. Nikainua nyuma kwa jeki, nikashika tairi la kushoto nilizungushe kwa mkono, haliendi. Nikatia mikono miwili, likasogea robo mzunguko huku linasaga. Kebo ya hendibreki imeganda kwa kutu, shuu zimeng'ang'ania dramu, na dramu yenyewe ya moto huwezi hata kuigusa. Yaani huyu mtu ana miezi anaendesha gari imepigwa breki. Tukafungua, tukasafisha, kebo mpya, nikabadilisha na eya klina maana ilikuwa nyeusi kama sufuria la shughuli, akaondoka. Siku ya tatu akanipigia simu ana furaha: "Fundi, ile dawa ya oktani sasa imeanza kufanya kazi."

Nilinyamaza. Sasa kumbe akaenda kuandika kwenye grupu la wenye IST, na kuanzia Jumatatu mpaka leo nimepokea watu watatu, kila mtu na chupa yake, wananiuliza niwashauri ipi kali zaidi. Ndo maana naandika hapa, nikichoka kuongea nitakuwa natuma linki.

Watu wanaichukulia oktani kama supu ya pweza, unakunywa unapata nguvu. Hapana. Oktani haina nguvu yoyote ndani yake. Ni namba ya uvumilivu. Inakwambia petroli inaweza kubanwa na kuchemka kiasi gani ndani ya silinda kabla haijawaka yenyewe bila kusubiri plagi. Basi. Lita ya oktani 98 haina moto mwingi kuliko lita ya 91, na ukitaka kuamini itazame ethanoli, ile pombe inayochanganywa kwenye mafuta: oktani yake iko juu, inapita 100 kirahisi, lakini nishati kwenye lita moja ni pungufu ya petroli kwa karibu theluthi moja. Uvumilivu mkubwa, chakula kidogo.

Kinachotokea ndani ni hivi. Plagi inarusha cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa, moto unaanza pale kwenye plagi unatembea kuelekea pembeni, sasa ile hewa na mafuta ya pembeni ambayo moto haujafika inazidi kubanwa na kuchemka, na kama petroli haina subira inalipuka yenyewe kwa mpigo. Hiyo ndo noki. Unaisikia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo ukikanyaga mafuta gari ikiwa kwenye gia kubwa mlimani. Ikiendelea sana inakula pistoni, nimeshafungua injini pistoni imemomonyoka ukingoni kama mkate uliogugunwa na panya. Oktani kubwa kazi yake ni kuzuia hiyo, haina kazi nyingine. Kama injini yako hainoki kwenye oktani 90, ukiipa 98 umezuia kitu ambacho hakikuwepo.

Hizo namba nazo watu wanazisoma vibaya. 95 haimaanishi ndani kuna asilimia 95 ya oktani. Kuna injini maalumu ya maabara ya silinda moja ambayo unaweza kubadilisha kompresheni yake, yaani inabana hewa na mafuta kiasi gani, huku inazunguka, wanaweka petroli yako wanaangalia inaanza kunoki wapi, halafu wanalinganisha na mchanganyiko wa vitu viwili, isooktani iliyopewa 100 na heptani iliyopewa 0. Petroli ikifanana tabia na mchanganyiko wa 95 kwa 5, inaitwa 95. Na kuna njia mbili za kupima, RON injini inazunguka raundi 600 kwa dakika, MON raundi 900 na hali ngumu zaidi, kwa hiyo petroli hiyohiyo moja ina namba mbili na ya MON ni ndogo. Huku kwetu na Ulaya tunasoma RON. Wamarekani wanajumlisha zote mbili wanagawa kwa mbili.

Hapa ndo panaponiudhi. Mtu kaangalia Youtube usiku, kamwona Mmarekani anasema gari yangu ya bei mbaya inatumia 93, asubuhi anakuja ananiambia "fundi sisi tuna bahati, petroli yetu 95 inawazidi Wamarekani". Haiwazidi mkuu. Ile 93 yao ukiipima kwa RON ni kama 98. Na ile 87 yao ya kawaida, ambayo wabongo wanaicheka kwenye komenti, ni kama 91 au 92 ya huku. Ni kama kulinganisha mzigo wa kilo na mzigo wa ratili halafu unashangilia namba. Kabla hujabishana kuhusu oktani uliza kwanza imepimwa kwa kipimo gani, na nusu ya ubishi wa kwenye magrupu utaisha hapohapo.

Turudi kwa IST. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, na Japani pampu ziko mbili, rejula ambayo kiwango chao kinadai isiwe chini ya 89, na haioku, ndo premiamu, isiyopungua 96. IST, Vitz, Passo, Premio ya 1.5, Probox, hizo zote zimeundwa zinywe rejula. Petroli ya kawaida ya kituo chochote cha hapa, kama haijachezewa, tayari imeshavuka hapo. Yaani IST yako inakunywa kizuri kuliko alichokusudia mtengenezaji, na bado unataka kuiongezea. Mwaka 2016 chama cha wenye magari Marekani, AAA, walipima gari zinazotakiwa kutumia rejula wakazipa premiamu, hazikupata nguvu ya maana, mafuta hayakupungua, na moshi haukuwa msafi zaidi. Wakakadiria madereva wa kwao walitupa zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka mmoja kwa ajili hiyo. Kwa hiyo msijione wajinga peke yenu.

Sasa kuna gari ambazo kweli zinahitaji, na wenye gari hizo ndo huwa hawanunui, wanajaza popote penye foleni fupi. Forester ya turbo, Impreza ya turbo, Golf ya TSI, Benzi nyingi, na Mark X ya kwanza. Ngoja nikae hapa kwenye Mark X kidogo maana inafundisha. Ile ya 2004 yenye injini ya 4GR ya 2.5, kompresheni 12 kwa 1, Toyota waliiandikia premiamu na ikatoa nguvu farasi 215. Ilipokuja Mark X ya pili mwaka 2009, injini ya 2.5 ni ya familia ileile, safari hii wakaipangia rejula, ikatoa 203. Tofauti ni farasi 12. Umeiona hiyo? Nguvu haikutoka kwenye petroli, ilitoka kwa injinia aliyeipanga taimingi, yaani plagi irushe cheche wakati gani, akijua petroli ya subira itakuwepo. Ukichukua ile ya pili ukaijaza premiamu usitegemee zile 12 zirudi, maana kompyuta yake haikuambiwa izitafute.

Ya kwanza ukiijaza petroli dhaifu haifi, ina noki sensa, kama sikio dogo la kusikilizia limefungwa kwenye bloku. Ikisikia noki kompyuta inarudisha taimingi nyuma, cheche inachelewa, gari inapoa nguvu, mafuta yanaliwa zaidi kidogo. Nimeshapanda na mteja kwenye Kitonga, watu watano, mizigo, AC imewashwa, mashine ya kusomea kompyuta nimeipakata. Kwenye tambarare taimingi imetulia. Tulipoanza zile kona za kupanda, digrii nne, tano zinapotea, zinarudi, zinapotea tena. Mwenyewe hakusikia kitu, alichosema ni "leo kama imechoka". Hiyo ndo sura ya oktani ndogo kwenye gari ya kisasa, hakuna mlio wala moshi, na taa haiwaki. Uchovu tu. Gari ya namna hiyo ukiipa petroli inayostahili utauona utofauti, tena mlimani zaidi kuliko foleni ya Ubungo.

Utajuaje yako ni ipi? Fungua kifuniko cha tenki. Kuna stika ndani, mara nyingi ya Kijapani, na najua husomi Kijapani, mimi mwenyewe sisomi, lakini simu yako ina kamera inayotafsiri. Sekunde kumi. Ikisema rejula, pesa ya chupa nunua plagi. Ikisema premiamu, basi tafuta kituo kinachouza oktani kubwa na uulize namba, usiulize jina.

Nasema namba kwa sababu mafuta yenye jina tamu na bango la rangi mara nyingi yanauza kitu kingine kabisa, yaani sabuni. Kuna kemikali za kusafisha nozeli na vali. Hizo zina faida yake na sizikatai, injini zenye nozeli chafu nimeziona zikitulia baada ya tenki kadhaa. Ila sabuni na oktani ni mambo mawili tofauti, unaweza kuwa na petroli yenye sabuni nyingi na oktani ileile ya pampu ya jirani. Dizeli siiongelei hapa, huko ni setani na mambo yake ni kinyume kabisa, wanataka iwake haraka.

Chupa sasa. Nyingi zinaandika "inaongeza pointi 5". Wewe unasoma 95 inakuwa 100. Wao pointi moja wanamaanisha sehemu ya kumi, kwa hiyo 95 imekuwa 95.5. Hawajadanganya, wamekuacha ujidanganye. Na zile zinazoongeza kweli, baadhi zina manganizi au chuma, ukizitumia sana zinaacha unga. Ninayo plagi hapa mezani, nimeitoa kwenye Altezza ya kijana mmoja mpenda mbio, ile kauri nyeupe ya katikati imekuwa nyekundu kama tofali la kuchoma. Gari ilikuwa inamisi, yaani silinda nyingine haiwaki. Alifikiri inahitaji dozi kubwa zaidi.

Kuna wanaotia vidonge vya nafthalini vya kabatini. Acheni jamani, hivyo viwekeeni makoti. Na wapo wanaoniletea habari za mafuta ya ndege. Ndege ipi? Boeing inatumia mafuta ndugu wa mafuta ya taa, ukiweka kwenye IST itanoki mpaka majirani watoke nje. Vile vindege vidogo vya pistoni ndo vinatumia petroli ya oktani 100, lakini ina risasi, na risasi inaua kataliti, kile kisafisha moshi cha kwenye egzosi, na oksijeni sensa. Tuliondoa petroli ya risasi Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara kufikia 2006, nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikaacha 2021, halafu wewe unataka kuirudisha peke yako Tabata.

Kama gari ya rejula imeanza kunoki ghafla, kitu cha kwanza ninachokishuku ni mafuta yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa oktani yake iko chini sana, kidogo tu kikichanganywa kinaangusha namba nzima. Tangu wameanza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mambo yamepungua sana, lakini kwenye madumu ya pembeni ya barabara huko vijijini bado siweki mkono wangu motoni. Badilisha unapojaza, maliza tenki mbili, halafu ndo uje.

Haya, na mimi nikiri ya kwangu. Injini iliyotembea sana inajaza kaboni juu ya pistoni, kaboni inakula nafasi na kushika joto, na mahitaji ya oktani yanapanda kuliko yaliyoandikwa kwenye stika. Kwa hiyo kuna IST kongwe ambayo oktani kubwa itaisaidia kweli, na siwezi kukwambia ni ipi bila kuisikiliza. Tena kuna mzee mmoja mteja wangu ana Premio ya rejula, anaapa ikinywa ya bei inatulia sailensi, yaani ikiwa imewashwa bila kukanyagwa mafuta, nimeifunga mashine mara mbili sikuona kitu, ila nikiiwasha mwenyewe na mimi nahisi imetulia. Inaweza ikawa ile sabuni. Inaweza ikawa ni kaboni. Au ni mzee mwenyewe, maana anaongea kwa uhakika mpaka sikio langu linamfuata. Mpaka sasa namwambia aendelee tu, hela ni zake na gari anaitunza.

Bodaboda mnaoniuliza kuhusu Boxer: hapana. Rekebisha valvu, badilisha oili kwa wakati, na hiyo chupa mrudishie aliyekuuzia.