Stabilaiza haiongezi mshiko wa tairi

Dereva anaporudi gereji akieleza kwamba pua ya gari inakataa kufuata usukani katikati ya kona, mhandisi mgeni katika kazi huona jibu moja tu: mbele kumelegea, kwa hiyo mbele kukazwe. Nilifanya hivyo katika msimu wangu wa kwanza wa mashindano, nikafunga stabilaiza nene zaidi mbele, na kwenye mzunguko uliofuata gari lilikataa kona kuliko awali. Kwa sababu hiyo, kila kijana ninayefanya naye kazi namtaka akokotoe kabla hajashika spana.

Stabilaiza ni fimbo ya chuma iliyopindwa, inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, nayo husokoteka kila mwili wa gari unapolalia upande. Inapunguza kulala huko, lakini haipunguzi uzito unaohama kutoka tairi za ndani ya kona kwenda za nje. Kiasi cha uzito huo huamuliwa na uzito wa gari, kimo cha kitovu chake cha uzito, upana kati ya magurudumu na ukali wa kona. Chukua gari la kilo 1,200, lenye kitovu cha uzito kilicho sentimita 50 juu ya lami na upana wa sentimita 150 kati ya magurudumu. Nguvu ya kona ikilingana na uzito wa gari lenyewe, kilo 400 huhamia nje, iwe stabilaiza ipo au haipo.

Kinachobadilika ni mgawanyo wa kilo hizo kati ya mbele na nyuma, na hapo ndipo tabia ya tairi inapoingia. Tairi likiongezewa mzigo hushika zaidi, ila ongezeko la mshiko huwa dogo kuliko ongezeko la mzigo. Tuseme tairi lililobeba kilo 100 linatoa mshiko wa mara 1.2 ya mzigo wake, lenye kilo 300 mara 1.1, na lenye kilo 500 mara 1.0. Gari letu likiwa limesimama, kila tairi limebeba kilo 300, hivyo jozi moja, ya mbele au ya nyuma, ina mshiko wa kilo 660. Kwenye kona, mbele na nyuma zikigawana uhamaji sawasawa, yaani kilo 200 kwa kila jozi, kila jozi hubaki na 620. Sasa kaza mbele kwa stabilaiza nene mpaka ibebe asilimia 60 ya uhamaji: tairi la nje linafikia kilo 540, la ndani linabaki na 60, na jozi ya mbele inashuka hadi takriban 602, ilhali ya nyuma inapanda hadi takriban 634. Kona hiyo inadai 600 kwa kila jozi, yaani nusu ya zile 1,200. Mbele imefika ukingoni, nyuma ina akiba isiyotumika, na pua inateleza kwenda nje.

Kwa hiyo gari linalokataa kona hulegezwa mbele au hukazwa nyuma. Ukikaza nyuma kupita kiasi, mkia ndio utakaotoka, na hilo ni hatari zaidi kwa dereva.

Kuna mpaka mmoja ambao vitabu huupitia haraka, nami nauona muhimu sana. Magari ya mashindano yanayovutwa na magurudumu ya mbele mara nyingi huinua gurudumu la nyuma la ndani, kwa sababu nyuma yake imekazwa makusudi ili mbele ipate nafuu. Gurudumu likishaachana na lami, jozi hiyo haina uzito zaidi wa kuhamisha. Uhamaji wowote unaoongezeka hurudi mbele, na stabilaiza nene kuliko hiyo haitabadilisha kitu katika kona ile.

Porsche 911 ilikabiliwa na tatizo la upande wa pili, la mkia kutoka, kwani injini yake iko nyuma ya ekseli ya nyuma na mzigo mkubwa unaziangukia tairi za huko. Kwa magari ya mwaka 1969 wahandisi walisogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 zaidi nyuma. Nauheshimu uamuzi huo, kwa kuwa ulirekebisha mzigo wenyewe kabla ya kuuliza stabilaiza iugawe vipi.

Katika IndyCar, mashindano ya magari ya Marekani, dereva hubadilisha ukakamavu wa stabilaiza akiwa kwenye kiti, kadiri mafuta yanavyopungua na tairi zinavyochakaa.