Namba haileti mfadhili

Juzi nimeisikia tena, kwenye kikao cha bodi hapa Moshi: "Tukishajiunga na jukwaa la michango la mtandaoni, wafadhili watatuona wenyewe." Hapana. Nakagua hesabu za mashirika ya hisani Moshi na Arusha, na sijaona dhana inayoyagharimu kama hii.

Chukueni GlobalGiving, jukwaa la Marekani la kuchangishia mashirika, lililoanza 2002. Kwa miaka mingi shirika linaloomba kuingia limetakiwa kwanza kuchangisha dola 5,000 kutoka kwa watu wasiopungua 40. Hao 40 mnawatoa ninyi, kwenye daftari lenu la wafadhili. Kama hamna daftari, jukwaa halitawaandikia.

Kituo kimoja cha watoto kilibandika namba ya simu ya michango getini, kikalipia na matangazo. Baada ya miezi sita mkurugenzi akaniambia mambo ya simu yamegoma. Nikaomba taarifa ya miamala. Jina la mama mmoja lilirudi kila mwanzo wa mwezi: shilingi 5,000, 5,000, 5,000, 5,000. Mwezi wa tano halimo. Hakuna aliyewahi kumpigia kumshukuru. Simu yenye laini ile niliikuta kwenye droo, imezima kwa kukosa chaji. Mfadhili wa Ujerumani anatumiwa kadi ya Krismasi yenye picha za watoto kila mwaka. Huyu mama hakupata hata meseji. Inaniuma, kwa sababu mtu wa namna hiyo ndiye angewaletea majirani zake watano.

Nawaambia kila ninapokwenda: Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, chapisheni taarifa ya miamala ya wiki, pigeni simu kwa kila jina. Dakika mbili kwa mtu zinatosha.

Hapo huanza visingizio. "Wafadhili wetu ni wazee, simu hawaziwezi." M-Pesa iko nchini tangu 2008. Wazee wa Marangu na Machame wanatuma michango ya harusi na misiba kwa simu kila wiki. Kwenu hawajatuma kwa kuwa hamjawaomba.

"Tufungue GoFundMe," yaani ukurasa wa kuchangisha kwenye tovuti hiyo. Tanzania haimo kwenye nchi zinazolipwa moja kwa moja. Ndugu aliyeko Marekani akiwafungulia, pesa zinaingia kwenye akaunti yake. Andikianeni makubaliano kwanza.

"Vijisenti vya simu haviingii kwenye vitabu." Vinaingia vyote, hata 500. Na laini isajiliwe kwa jina la shirika. Nimeshakuta imesajiliwa kwa jina la katibu, katibu akaacha kazi, akaondoka nayo, na michango ikaendelea kuingia kwake.