Yoga kwa anayeacha pombe au dawa za kulevya: maswali na majibu

Je, yoga inatibu uraibu?
Hapana, na anayekuuzia yoga kama dawa ya uraibu anakudanganya. Tafiti zilizopo nyingi ni ndogo. Dalili zake ni kwamba mtu akifanya yoga huku akiendelea na matibabu na unasihi, msongo hupungua na usingizi huwa afadhali. Kwa mtu anayekesha akigaragara kitandani, hiyo si haba.

Nimeacha pombe jana. Nianze leo?
Kama ulikuwa ukinywa sana kila siku, kwanza hospitali. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unapokosa pombe uliyoizoea, inaweza kuleta degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha kuweweseka, na huua. Aliyepewa methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini, naye asiiache eti kwa kuwa anajisikia mwepesi akitoka mazoezini. Mwili uliokaa bila heroini hauhimili tena dozi ya zamani, ndiyo maana baadhi ya wanaorudia hufa siku hiyo hiyo.

Hamu ikinipanda, yoga inasaidia nini hasa?
Hamu kali hupanda, ikafika kileleni, ikashuka, aghalabu ndani ya nusu saa, hata usipotumia. Kazi ni kuzivuka dakika hizo: moyo unakwenda mbio, mabega yamepanda, taya zimekaza. Moyo huwezi kuuamuru upunguze mwendo, ila pumzi unaweza. Keti, nyayo zote sakafuni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6 au 8. Kutoa pumzi polepole huamsha neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni, ambayo hupunguza kasi ya moyo. Endelea dakika 5 hivi, halafu mpigie simu mtu unayemwamini. Usiishie kwenye pumzi peke yake.

Zile pumzi za tumbo za harakaharaka ziache kwanza. Huleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, na mwenye wasiwasi anaweza kudhani arosto imerudi.

Nikifumba macho napatwa na hofu.
Basi usifumbe. Huwatokea wengi, hasa waliowahi kupigwa au kudhalilishwa. Tazama sehemu moja sakafuni, egemea ukuta, na mwambie mwalimu mapema kwamba hutaki kushikwa. Akikulazimisha, tafuta mwingine.

Miguu yangu ina ganzi.
Pombe ya miaka mingi huharibu neva za miguu. Mwone daktari, na mikao ya kusimama kwa mguu mmoja iache. Tumia kiti.

Nimerudia kutumia. Niendelee na yoga?
Endelea, ila si ukiwa umelewa, maana utaanguka. Kabla ya mazoezi mweleze daktari au mnasihi wako, kwani huenda dozi ya dawa haitoshi au mpango wa matibabu unahitaji kubadilishwa. Wenzako wa darasa la yoga si lazima uwaambie.